Gego la miaka sita: mwongozo wa meno na kava kwa familia ya Nairobi

Mwaka mtoto anaoingia Gredi ya 1, au karibu na hapo, magego manne mapya humtoka nyuma kabisa ya meno ya utoto: mawili juu, mawili chini. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, kwa hiyo hakuna pengo la kumshtua mzazi. Miaka miwili baadaye moja likitoboka, nyumbani husemwa, "Ah, hilo ni la utoto, litang'oka tu." Haling'oki. Ni jino la kudumu, na likienda limeenda.

Tutalifuata gego hilo mwongozo mzima, kwa sababu hupitia yote: mswaki, kuzibwa, kutibiwa mzizi, kung'olewa, na mwishowe karatasi za bima. Meno ya baba, mama na nyanya hupita njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kagua vinywa vya nyumba nzima

Tafuta tochi ya simu, kijiko cha chai, kalamu na karatasi. Mtoto mdogo mlaze chali, kichwa kikiwa mapajani mwako na miguu ikielekea mbali nawe. Ukimsimamisha mbele yako utaona meno ya mbele tu. Sukuma shavu kwa mgongo wa kijiko, kisha hesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Matano ya kwanza kila upande ndiyo nafasi za meno ya utoto, hata kama ya mbele yameshaanza kubadilika. Ukikuta la sita, hilo ndilo gego la kudumu.

Andika jina la mtu, upande, na ulichokiona. Mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi ni mwanzo wa kuoza, na hapo jino bado linaweza kuokolewa kwa mswaki na floraidi, madini ya kukaza jino yaliyo kwenye dawa ya meno, bila kuchimbwa. Doa la kahawia au jeusi lililonata kwenye mifereji ya gego linahitaji daktari wiki hizi. Kijipu kidogo kwenye ufizi kinachopasuka, kikapotea, kisha kikarudi, ndicho hudanganya watu wengi kwa sababu hakiumi. Usaha umepata mlango wa kutokea, basi. Jino lenyewe limeshakufa ndani.

Kwa watu wazima, tafuta damu. Fizi zinazotoka damu ukipiga mswaki zina ugonjwa, na wengi huacha kupiga mswaki mahali pale pale panapotoka damu, jambo linaloongeza ugonjwa. Mwenye kisukari ambaye fizi zake zinavuja damu asisubiri: sukari iliyopanda huharibu fizi, na fizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kushuka.

Na kwa mwenye mtoto mchanga: uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto wa miezi michache, pale chonge zitakapotoka, ni chipukizi la jino. Kuna wanaoliita jino la plastiki na kulichimbua kwa kudai linaleta kuhara na homa. Kuchimbua hivyo huvujisha damu, huingiza maradhi, na huweza kuharibu chonge ya kudumu iliyo chini. Kuhara kutibiwe kama kuhara, kwa ORS na zinki, kwenye kituo cha afya.

Hatua ya 2: Mswaki wa usiku ndio wenye kazi

Mate ndiyo mlinzi wa meno, na usingizini hupungua sana. Sukari iliyobaki mdomoni saa tatu usiku hufanya kazi hadi asubuhi bila mpinzani. Kwa hiyo kama nyumba yenu itaweza kusimamia mswaki mmoja tu kwa ukali, usimamieni wa usiku, kisha mwongeze wa asubuhi.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Geuza kisanduku usome namba ndogo: kuanzia 1000 ppm kwa watoto, na kati ya 1350 na 1500 kwa wakubwa. Aliye chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje moja ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Tangazo la televisheni linaloonyesha dawa imejaa mswaki mzima linauza dawa. Piga dakika mbili, tema, na usisukutue kwa maji, maana maji huondoa ile floraidi uliyoilipia.

Mtoto apigiwe mswaki na mtu mzima mpaka afike miaka 7 au 8. Hapa ndipo gego letu huponea au hupotea. Linapochomoza huwa limekaa chini kuliko majirani wake, kwa miezi kadhaa, na mswaki unaokwenda mbele na nyuma hupita juu yake bila kuligusa. Ingiza mswaki kutoka pembeni, kona ya mdomo, usugue gego hilo kwa kulikata kimsalaba. Mdomo uwe umefunguka nusu tu; ukifunguka kabisa shavu hukaza na mswaki haupiti.

Msuaki wa mti unafaa, ila ukitumiwa peke yake huishia meno ya mbele, basi usiku tumia mswaki wenye dawa. Mkaa, majivu na chumvi ya mawe hukwaruza jino, na jino lililokwaruzwa haliotei ngozi mpya.

Kuhusu sukari, hesabu mara, si vijiko. Kila mara mtoto anapoonja kitu kitamu, asidi hulishambulia jino kwa karibu nusu saa. Soda moja na chakula cha mchana ni shambulio moja. Soda hiyohiyo ikinywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni mashambulio kumi. Mabuyu ya rangi na tofi ni vibaya kuliko chokoleti kwa sababu hunata kwenye mifereji ya magego. Mtoto anayelala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, au hata ya maziwa matupu, huoza meno ya mbele ya juu kabla hajafika miaka 3. Anayetafuna miraa hukauka mate, kisha huongeza soda na chingamu tamu juu yake. Achague maji na chingamu isiyo na sukari.

Hatua ya 3: Uliza maji yenu yanatoka wapi

Maji ya mfereji ya jiji, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini, hayana shida ya floraidi kuzidi. Maji ya visima virefu ni habari nyingine. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi inayopita 1.5 mg kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa miaka yake minane ya kwanza, meno ya kudumu hutoka na madoa meupe au ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote.

Kuchemsha hakusaidii, wala klorini. Kuchemsha huifanya floraidi iwe nzito zaidi kwa sababu maji hupungua na yenyewe hubaki. Kama ploti yenu hutumia kisima au bauza, mwombe mwenye nyumba cheti cha kupimwa kwa maji na uangalie mstari wa floraidi. Ikiwa imezidi, maji ya kunywa na kupikia ya watoto yatoke kwingine, au yapite kwenye chujio la mkaa wa mifupa au mtambo wa kuchuja kwa mgandamizo. Ya kufua na kuoga hayana neno.

Hatua ya 4: Chagua kiti cha kukalia

Daktari wa meno husajiliwa na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari wa binadamu na wa meno, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Jina lake na la kliniki hutafutwa kwenye tovuti ya baraza kwa dakika mbili. Fundi wa meno hutengeneza meno ya bandia katika maabara. Si yeye wa kukuchoma sindano ya ganzi. Wanaofunga nyaya za urembo saluni kwa gundi, waepuke: nyaya zilizofungwa bila picha ya eksirei na bila mpango huweza kulegeza meno mazima.

Pesa zikiwa chache, jaribu hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Kazi huchukua muda mrefu, pengine siku mbili kwa shimo ambalo kliniki ya mjini ingeliziba kwa saa moja, lakini kila hatua hukaguliwa. Hospitali ya Kenyatta na Mbagathi pia zina vitengo vya meno. Fika asubuhi mapema.

Hatua ya 5: Jua gego lako liko ngazi gani

Matibabu ya jino ni ngazi, na kila ukishuka ngazi moja bei hupanda.

Ngazi ya juu kabisa, gego zima: mitaro yake hufunikwa kwa utomvu mwembamba kabla haijashika uchafu. Haliumi, hakuna sindano, huchukua dakika chache kwa jino. Wakati wake ni pale gego likishatoka lote na linaweza kukaushwa, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 8. Kinachoharibu kazi hii ni mate: jino likilowa wakati wa kupaka, kifuniko hubanduka ndani ya miezi. Kwa hiyo mtoto anayelia na kuzungusha ulimi arudishwe siku nyingine. Kila ziara inayofuata daktari akikague kama bado kipo.

Likishatoboka kidogo, huzibwa. Likitoboka mpaka kwenye neva, dalili ni maumivu yanayokuja yenyewe usiku, au chai ya moto inayouma na kuendelea kuuma dakika kadhaa baada ya kumeza. Hapo kuziba tu ni kufungia moto ndani ya nyumba. Hutibiwa mzizi, yaani neva iliyooza hutolewa, mifereji ikasafishwa na kujazwa. Gego lililotibiwa mzizi huwa limepoteza sehemu yake kubwa na hupasuka kwa urahisi, ndiyo maana mtu mzima huambiwa alivishe taji, yaani kofia ngumu inayolifunika lote. Wengi huruka taji kwa sababu maumivu yameisha, kisha gego hupasuka katikati wakila mahindi ya kuchoma, na pesa zote za mzizi zikapotea.

Dawa za antibiotiki za dukani haziponyi jino linalouma. Neva iliyokufa haina damu ya kuifikisha dawa ndani. Dawa hizo zina kazi yake pale kuna uvimbe na homa, na ni daktari anayeziandika. Wala usiweke aspirini kwenye ufizi, huunguza nyama. Paracetamol kwa kipimo cha kwenye pakiti inatosha kukufikisha asubuhi, na mtoto asipewe aspirini kabisa.

Meno ya utoto nayo huzibwa. Mzazi hupenda kuuliza kwa nini alipie jino litakalong'oka. Gego la utoto la nyuma hukaa mpaka miaka 11 au 12, na ndilo linaloshikilia nafasi. Likitolewa akiwa na miaka 5, gego la miaka sita huteleza mbele, na jino la kudumu linalokuja hukosa pa kutokea. Nyaya za miaka 13 mara nyingine zilianzia hapo.

Ikibidi kung'oa, uma pamba kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia kila dakika. Siku hiyo usisukutue, usinyonye kwa mrija, usivute sigara, usiteme teme: donge la damu lililo shimoni ndilo plasta yako. Likitoka, siku ya pili hadi ya nne huja maumivu makali yanayopanda sikioni na harufu mbaya. Rudi kliniki uwekewe dawa shimoni. Kuanzia kesho yake sukutua polepole kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Husemwa mama mjamzito asubiri ajifungue ndipo atibiwe meno. Si kweli. Miezi ya 4 hadi 6 ni wakati mzuri, na ganzi ya kawaida haina neno. Amwambie daktari tu kuwa ana mimba.

Hatua ya 6: Ajali na uvimbe

Mtoto akianguka kwenye bembea au boda boda ikapinduka na jino la mbele la kudumu likang'oka zima, lishike upande mweupe unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, limwagie maziwa au maji safi sekunde chache bila kulisugua. Lirudishe shimoni upande ule ule na mtoto aume kitambaa. Akikataa, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Pakiti ya dukani inafaa. Usilifunge kwenye tishu, likikauka limekufa. Una kama nusu saa ya kulirudisha kwa matumaini makubwa, saa moja kwa matumaini kidogo, na barabara ya Thika jioni haitakusubiri, kwa hiyo nenda kliniki iliyo karibu kabla ya ile unayoipenda. Jino la utoto halirudishwi kamwe, litaharibu lililo chini yake.

Uvimbe unaopanda jichoni au kushuka shingoni, homa, mdomo usiofunguka, au mate yasiyomezeka: hiyo ni dharura ya hospitali kubwa usiku huohuo. Kliniki ya meno ya mtaani haitoshi.

Hatua ya 7: Kava, ukiwa na karatasi mkononi

Watu hununua kava ya meno, yaani bima, kwanza, kisha huenda kukaguliwa. Geuza. Lipia ukaguzi mmoja wa kila mtu, omba daktari aandike mpango wa matibabu na bei ya kila kazi, kisha uisome sera ya bima ukiwa na karatasi hiyo.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, isipungue Sh300 kwa mwezi. Hakikisha mume au mke na watoto wamesajiliwa chini yako, kwa *147#. Kwa meno, usikae kwenye kiti ukidhani kadi italipa. Uliza mapokezi hivi: "Kituo hiki kina mkataba na SHA? Kwa kazi hii hasa, SHA inalipa kiasi gani na mimi naongeza ngapi?" Ukijibiwa "inashughulikia meno" tu, hujajibiwa.

Kava za kampuni binafsi mara nyingi huweka meno kama nyongeza juu ya kulazwa na matibabu ya nje. Soma vitu hivi: kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima, muda wa kusubiri kabla ya kuanza kutumia, matatizo yaliyokuwapo kabla ya kujiunga, kazi zinazohitaji idhini ya awali, kliniki zilizo kwenye orodha, na kilichoachwa nje. Taji, nyaya, meno ya bandia na kung'arisha meno huachwa nje mara nyingi. Uliza pia jino lililovunjika kwa ajali linaingia fungu gani, kwa sababu huenda likalipwa na fungu la kulazwa na kikomo cha meno kikabaki.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka za karatasi yako. Familia ya wanne: kusafisha meno ya wazazi wawili Sh8,000, kuziba jino moja la mama Sh5,000, kufunika magego manne ya mtoto Sh10,000, mzizi wa baba Sh18,000, taji lake Sh25,000. Jumla Sh66,000. Nyongeza ya kava ni Sh5,000 kwa kila mtu, yaani Sh20,000, na sera haigusi taji wala kufunika magego. Zimebaki kazi za Sh31,000, tukichukulia sera haina muda wa kusubiri wala haikatai matatizo ya awali. Kikomo kikiwa Sh25,000 kwa familia, umelipa 20,000 ukalipiwa 25,000: faida ni Sh5,000. Kikomo kikiwa Sh25,000 kwa kila mtu, zote 31,000 zinalipwa, faida Sh11,000. Mwaka wa pili, midomo ikiwa imetengenezwa, kazi iliyobaki ni kusafisha kwa Sh8,000, na Sh20,000 za kava zimekwenda. Mwaka huo afadhali kuweka Sh1,700 kila mwezi kwenye akaunti ya meno. Haya ni kwa anayejilipia. Kava ya mwajiri itumie kila mwaka bila kusita, maana kikomo kisichotumika hakivuki mwaka.

Na baba mwenye jino linalouma leo asinunue kava kwa ajili ya jino hilo. Muda wa kusubiri utamshinda, na mzizi utaoza akiwa anasubiri.

Kabla ya kuweka kidole kwenye mashine ya bima au kutia sahihi fomu, soma namba ya jino. Magego ya miaka sita ni 16 juu kulia, 26 juu kushoto, 36 chini kushoto na 46 chini kulia, kulia na kushoto vikiwa vya mgonjwa mwenyewe. Namba zinazoanza na 5, 6, 7 au 8 ni meno ya utoto. Fomu ikisema 36 na mtoto ameshika shavu la kulia, simamisha kalamu, uliza. Kosa hilo likipita, siku 36 litakapohitaji kuzibwa kweli, bima itasema ilishalilipia.

Kagua watoto likizo ya Aprili na tena ya Agosti, kliniki zikiwa bado zina nafasi; Desemba zote hujaa wanaokimbiza kikomo kinachoisha. Mzizi ukitibiwa Novemba na taji lipo kwenye sera yako, waweza kulivisha Januari kwa kikomo kipya, ili mradi daktari ameweka kizibo imara na hutafuni upande huo. Picha za eksirei omba zitumwe kwa simu yako, maana kliniki ya pili ikikosa ya kwanza itapiga nyingine na kukutoza upya.